Kalamu ya Mkurugenzi Mkuu na maji meusi ya Mto Mara

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara, katika sehemu ya chini inayokaribia Ziwa Victoria, yaligeuka meusi na kutoa harufu, na samaki wakaanza kuelea wakiwa wamekufa. Selemani Jafo, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mazingira wakati huo, aliunda kamati ya wataalamu, na haikupita muda mrefu kamati ikarudi na jibu kwamba chanzo hakikuwa sumu ya mgodini bali kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na majani yaliyooza kwenye ardhioevu, vitu vilivyokula oksijeni ya maji hadi samaki wakakosa pumzi. Nchi ilicheka. Vijiweni na mitandaoni ng'ombe wa Mara wakawa mzaha, na wengi wakauliza kama mifugo hiyo ndiyo kwanza imeanza kunywa maji mtoni mwaka huo.

Nami nilicheka. Baadaye nilipokaa kusoma nikaona haya kidogo. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakiufuatilia mto huohuo upande wa Kenya walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba viboko zaidi ya 4,000 wanaoishi humo huacha kinyesi kingi mno kwenye madimbwi yao, kiasi kwamba mvua kubwa ikija na kukisukuma chote kwa mpigo, oksijeni ya maji hushuka ghafla na samaki hufa. Kwa hiyo kinyesi kinaweza kuua samaki wa mto, tena mto huuhuu. Sisemi kwamba kamati ilipatia, kwa sababu kiboko si ng'ombe na ardhioevu ya chini si madimbwi ya juu. Ninachosema ni kwamba jibu lake halikuwa la kijinga kama tulivyolichukulia, na kwamba kicheko chetu kilitokana na jambo jingine ambalo halikuhusu ng'ombe.

Watu wa Nyamongo na wa vijiji vilivyo jirani na Mgodi wa dhahabu wa North Mara hawajasahau Mei 2009, maji kutoka mgodini yalipoingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake Mara. Hawajasahau pia kwamba Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi wetu tunalijua kwa herufi zake nne tu, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusishwa na bwawa la topesumu, yaani matope yenye kemikali yanayobaki baada ya kuchenjua dhahabu. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hawezi kuambiwa katika kikao kimoja cha waandishi wa habari kwamba safari hii mgodi haumo, ni ng'ombe, akaondoka ameridhika. Angehitaji kuona vipimo vya maji vya mwezi hadi mwezi tangu siku ile ya faini, vilivyobandikwa mahali anapoweza kuvisoma kabla samaki hawajafa. Kipimo kinachotolewa baada ya msiba huonekana kama utetezi hata kikiwa cha kweli.

Hapo ndipo ninapokiona kiti cha Mkurugenzi Mkuu wa Baraza hilo, na sizungumzii mtu yeyote aliyewahi kukikalia bali kiti chenyewe. Tumezoea kumpima anayekikalia kwa faini alizotoza, viwanda alivyofungia na mara alizoonekana kwenye taarifa ya habari akiwa amevaa kizibao cha kuakisi mwanga. Mimi naona kazi yake kubwa hufanyika mezani, kwa kalamu, katika siku za kawaida ambazo hakuna mwandishi wa habari aliyealikwa. Ni kazi ya kuandika sababu za kukubali mradi na sababu za kuukataa, kisha kuziacha sababu hizo mahali zinapoweza kusomwa na mtu asiyempenda. Akifanya hivyo kwa miaka mitano, siku maji yakigeuka meusi neno lake litakuwa na uzito. Asipofanya, ataundiwa kamati juu ya kichwa chake, kama ilivyotokea Mara, maana tusisahau kwamba aliyesimama mbele ya taifa kueleza chanzo cha vifo vile alikuwa waziri na kamati yake, ilhali taasisi iliyopewa na sheria kazi ya kusimamia uzingatiaji wa mambo hayo ilikuwepo.

Kiti hiki hakikuzaliwa na nguvu. Sheria Na. 19 ya 1983 iliunda Baraza la kushauri, na kwa miaka ishirini Baraza likawa na uwezo wa kuandika barua nzuri bila uwezo wa kumzuia mtu. Kwa Kiswahili cha mtaani tungeliita kibogoyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walipochoshwa na moshi, inzi na uvundo wa jalala la jiji, walioubeba mzigo walikuwa wao wenyewe: walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki halmashauri ya jiji, na Jaji Lugakingira, katika uamuzi ambao bado unasomeshwa vyuoni, aliuunganisha uchafuzi ule na haki ya kuishi iliyomo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Baraza lilikuwa na umri wa miaka kadhaa wakati huo. Sijawahi kukutana na mkazi wa Tabata wa enzi zile anayekumbuka kwamba lilikuwepo.

Meno yaliota mwaka 2004, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Sura ya 191. Sheria hiyo katika kifungu cha 4 inampa kila mtu aliyemo Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inalipa Baraza kazi ya kusimamia uzingatiaji, kukagua, na kupitia taarifa za Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile inayoitwa TAM na kila mwenye kiwanda, kituo cha mafuta au machimbo. Inasema pia, bila kumung'unya maneno, kwamba tathmini hufanyika kabla mradi haujaanza au kugharamiwa, na kwamba leseni iliyotolewa chini ya sheria nyingine haimpi mtu ruhusa ya kuanza bila cheti cha mazingira. Ukiisoma sheria peke yake, chumbani, utadhani Mkurugenzi Mkuu ni mmoja wa watu wenye nguvu kubwa nchini.

Nguvu hiyo, hata hivyo, imefungwa kamba tatu, na hakuna hata moja iliyofichwa. Anateuliwa na Rais. Anapendekeza kwa waziri, kwa kuwa chini ya sheria kama ilivyopitishwa Baraza hupitia taarifa na kutoa ushauri wake, na waziri ndiye anayeidhinisha au kukataa, ingawa anaweza kukasimu madaraka hayo. Kisha kuna kamba ya tatu, ambayo watu huitaja kwa nadra: sehemu ya fedha za kuendeshea ofisi hutoka kwenye ada za kupitia miradi na tozo za mwaka zinazolipwa na haohao wanaokaguliwa. Kanuni za ada na tozo zilibadilishwa mara kadhaa kati ya 2018 na 2021, wafanyabiashara wakilalamika kwamba wanakamuliwa na ofisi ikihitaji mafuta ya magari ya ukaguzi. Kila upande ulikuwa na hoja. Lakini ofisi ambayo mapato yake huongezeka kadiri miradi inavyoongezeka ina sababu ya kimyakimya ya kuupenda mradi, na kiongozi mwadilifu hupaswa kuijua sababu hiyo ndani ya nafsi yake kabla ya kuikemea kwa wengine.

Ugumu unakuwa mkubwa zaidi mwombaji wa cheti anapokuwa Serikali yenyewe. Wajenzi wakubwa wa zama hizi Tanzania si matajiri wa Kariakoo. Ni reli ya kisasa, ni Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lililojengwa ndani ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ni bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambalo nchi ina hisa ndani yake. Mradi wa namna hiyo ukishatangazwa jukwaani na Rais, jiwe la msingi likishawekwa na mkandarasi akishapatikana, swali analoletewa Mkurugenzi Mkuu halina sura ya swali tena. Sidhani kama ni haki kumtaka mteule mmoja asimame peke yake mbele ya treni hiyo. Anachoweza kufanya, na ambacho sheria haimzuii, ni kuweka masharti yenye vipimo na tarehe, kisha kutangaza kila mwaka yapi yametimizwa na yapi hayajatimizwa. Cheti chenye masharti yasiyofuatiliwa ni karatasi ya kutundika ukutani, na masharti yaliyofungiwa kabatini hayawezi kufuatiliwa na yeyote zaidi ya panya.

Huku mitaani, wananchi wengi wanalijua Baraza kwa sababu ya kelele. Baa na kumbi za starehe zimefungiwa Dar es Salaam, majina yametangazwa, wengine wakashangilia kwamba watalala na wengine wakalia kwamba ajira zimekufa. Sidharau kazi hiyo. Anayelala ukuta mmoja na spika za baa hana haja ya kufundishwa maana ya haki ya mazingira. Nina wasiwasi tu na wepesi wake: baa haina wakili mkubwa, haina mbia nje ya nchi, na hufungika Ijumaa moja mbele ya kamera. Kiongozi anayehesabiwa kwa idadi ya milango aliyoifunga atajikuta akitafuta milango iliyo myepesi kufungwa.

Wapo wanaosema tiba ni kulipandisha Baraza kuwa Mamlaka, hoja ambayo imezungumzwa kwa miaka mingi na kufika hadi bungeni. Naiunga mkono, lakini bila bashasha, kwa sababu nimeangalia ng'ambo ya mpaka. Kenya ina Mamlaka kamili, NEMA, chini ya sheria yake ya mwaka 1999. Mamlaka hiyo ndiyo iliyokuwa na jukumu la kuzuia kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwenye betri chakavu kisiue watu wa Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge mjini Mombasa, na haikuzuia kwa wakati. Watoto waliugua, damu zilipopimwa zikakutwa na risasi, na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, Phyllis Omido, akageuka kuwa mwanaharakati baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na fungu kubwa la lawama likaangukia NEMA, siyo mwenye kiwanda. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo, iliyo ya juu kuliko zote nchini humo, ikairudisha.

Fikiria maana yake kwa aliyeketi kwenye kile kiti. Mahakama ilikuwa inasema kwamba anayetoa ruhusa na kisha kunyamaza anaweza kuwa na hatia nzito kuliko anayemwaga sumu, kwa kuwa mwaga sumu alikuwa akitafuta faida yake, ilhali mlinzi alikuwa akilipwa mshahara ili asisinzie.

Mfano wa pili ni wa usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka eneo la Embakasi, Nairobi, na kuunguza nyumba za watu waliokuwa wamelala. Mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati ilikuwa imekwisha kuyakataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mwaka 2023, ikitaja usalama na msongamano wa makazi. Upande wa mazingira, leseni ilikuwa imetolewa. Siku chache baada ya mlipuko, bodi ya NEMA ilikiri kwamba leseni hiyo ilitolewa isivyostahili na kuwasimamisha kazi maofisa wanne. Maofisa wanne. Ninaporudia hesabu hiyo sina lengo la kumtia mtu hatiani ambaye mahakama haijamtia. Ninajiuliza tu ni utaratibu gani wa ndani unaoruhusu leseni ya hatari namna ile kupita bila mtu yeyote kuizuia.

Haki iwatendekee Wakenya lakini, maana wana kitu ambacho sisi tumekichelewesha. Juni 2019 Baraza lao la Taifa la Mazingira linalosikiliza rufaa liliifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, leseni ambayo NEMA ilikuwa imeitoa mwaka 2016, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wazee wa Lamu walishinda. Sheria yetu ya 2004 nayo iliunda Baraza la Rufaa la Mazingira, ila kwa miaka mingi likabaki kwenye karatasi. Huenda ikaonekana kwamba chombo cha kumkosoa Mkurugenzi Mkuu kinampunguzia hadhi. Naona kinyume chake: mtu anayejua kwamba uamuzi wake utasomwa na jopo la rufaa huandika vizuri zaidi, na akishinikizwa na mkubwa ana la kujitetea, kwamba mheshimiwa, hili nikilipitisha litatenguliwa.

Ushirikishwaji wenyewe niliwahi kuuona kwa macho yangu. Ilikuwa darasa la shule ya msingi katika kijiji ambacho sitakitaja, mradi wa kampuni ambayo nayo sitaitaja, na mtaalamu elekezi alikuwa amefika kutoka mjini saa tatu baada ya muda uliotangazwa. Daftari la mahudhurio lilizungushwa kabla mtu hajaeleza chochote, watu wakaweka sahihi, wasiojua kuandika wakabonyeza kidole gumba kwenye wino wa zambarau. Mama mmoja aliyekaa dawati la mbele, mtoto akiwa mgongoni, aliuliza kama uchimbaji ule utakausha kisima kinachotumiwa na vitongoji viwili. Alijibiwa kwamba hoja yake imepokelewa. Miezi kadhaa baadaye nilipata kuiona taarifa iliyoandaliwa, kitabu kinene cha Kiingereza, na kwenye jedwali la maoni ya wananchi nikaikuta hoja ya yule mama. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwanakijiji mmoja aliomba mwekezaji achimbe kisima.

Sidhani kama mtaalamu yule alikusudia uovu. Alikuwa na haraka, na aliyemlipa ni mwenye mradi, kama utaratibu ulivyo. Swali la kutisha liligeuka ombi la msaada kwa kupitia tafsiri na uzembe. Na huyo Mkurugenzi Mkuu, aliyekaa ofisini mamia ya kilomita kutoka kwenye kile kisima, angejuaje? Ameletewa kitabu chenye sahihi na vidole gumba, kinaonyesha kwamba kijiji kizima kimekubali na kimeomba na kisima juu. Kanuni za TAM zinataka muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, jambo jema, lakini muhtasari huo ungekuwa na maana zaidi kama ungerudishwa kwenye darasa lilelile na kusomwa kwa sauti kabla ya kalamu ya mkubwa kugusa karatasi. Yule mama angeinuka na kusema, sikusema hivyo.

Mwaka 1983, mwaka uleule Bunge letu lilipopitisha sheria iliyozaa Baraza, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilikuwa limepoteza heshima yake yote. Mkuu wake alikuwa amejiuzulu Machi katikati ya kashfa, na aliyeitwa kuokoa jahazi alikuwa William Ruckelshaus, mtu aliyeliongoza shirika hilo lilipoanzishwa mwaka 1970. Mei mwaka huo aliwaandikia wafanyakazi waraka akiwaambia kwamba watafanya kazi kama samaki ndani ya bakuli la kioo, kila mtu akiwaona, na akaanza kwa kujifunga mwenyewe, kwa kuweka hadharani orodha ya miadi yake ili umma ujue ni nani aliyeingia ofisini kwake. Hakusubiri sheria mpya. Sichukui mfano huu nikidhani Marekani ni mwalimu wetu wa mazingira, kwa kuwa sivyo, na shirika hilohilo limekwisha kuyumba mara nyingi tangu wakati huo. Nauchukua kwa sababu ya wepesi wake: hauhitaji bajeti.

Na hapa kwetu yapo mambo ya uzito kama huo ambayo Mkurugenzi Mkuu anaweza kuyaanza Jumatatu asubuhi. Kila mradi wa daraja la hatari kubwa, kwa mgawanyo wa miradi uliowekwa na kanuni za 2018, ungeweza kuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza ushauri alioupeleka kwa waziri na sababu zake. Waziri angebaki na haki yake ya kuamua kinyume, lakini angeamua mbele ya watu. Orodha ya waliofika ofisini kuombea mradi nayo ingeweza kuwekwa wazi, wakiwemo wabunge, na hapo najua kelele zitakazopigwa. Kisha kuna vipimo. Maabara ikipima maji kwa fedha za umma, majibu yake yanafaa yatoke siku ileile, yawe mazuri au mabaya, kwa mgodi na kwa mfugaji, bila kusubiri ruhusa ya msemaji.

Kwa Mto Mara ningeanzia kwenye Daraja la Kirumi, ambapo barabara ya kwenda Sirari inauvuka mto na kila basi la Tarime lazima lipite. Ubao mmoja wa bati ungetosha, uliopakwa rangi nyeupe, wenye tarehe, kiwango cha oksijeni majini, kiwango cha sianidi na metali nzito, na chini yake jina la afisa aliyepima, ukiandikwa upya kila wiki kwa chaki au rangi. Mvuvi angeusoma akiwa kwenye mtumbwi wake, na mwenye ng'ombe angeusoma akinywesha. Oksijeni ikianza kushuka wiki tatu kabla ya samaki kufa wangeiona wote wawili, na huenda mwenye ng'ombe ndiye angekuwa wa kwanza kupiga simu.